Chuo Kimoja, Kitajwe Mara Mbili

Macho yangu yamestaafu kabla yangu, nami nimeona ni heshima kuyafuata. Kwa miaka mingi nimekuwa mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule yetu hapa Lubumbashi, yaani yule anayewasaidia kuamua wakasome nini, na wapi, wakishatutoka. Ninyi mtakaokalia kiti hicho mmeniomba niwaachie maandishi. Hamtakuta humu habari za vyeo wala za mishahara. Hayo mtayalalamikia wenyewe kwa wakati wenu. Nitaeleza jinsi kazi ilivyonipokea, nani aliyenifundisha, na kwa nini nawasihi mshike desturi moja ya ofisi ile hata siku itakapowaumiza. Mimi iliniumiza.

Siku yangu ya kwanza nilionyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya chaki na mafagio. Kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Nilipomwomba prefe, mkuu wa shule wa wakati ule, aniongezee kiti cha nne kwa ajili ya wageni, alinitazama kama mtu aliyeombwa ruhusa ya kufuga mbuzi darasani.

"Kiti ya mutoto, kiti ya muzazi, kiti yako," alisema. "Ukitia ya ine, tantine atakuya."

Nilidhani anatania. Baada ya muda nilielewa kwamba tantine, yaani shangazi wa kiti cha nne, ameharibu maisha ya wanafunzi wengi kuliko somo la hesabu la mwaka wa mwisho.

Prefe huyo aliitwa Mukalay. Alikuwa Mkatoliki kutoka kaskazini ya Katanga, mtoto wa mtu wa reli, kama nilivyo mimi, na kwa sababu hiyo hatukuhitaji kuelezana mambo mengi. Sote wawili tulikulia katika nyumba ambamo baba hakuanza kula kabla ya kuitazama saa ya ukutani. Sote tulijua fimbo ya njia. Kwa kuwa ninyi mmekulia zama za barabara, nitawaeleza. Mahali ambapo reli ni moja tu, treni mbili zikiingia kutoka pande mbili, hakuna atakayesimulia. Kwa hiyo kati ya stesheni na stesheni palikuwa na fimbo moja, na dereva hakuondoka bila fimbo hiyo mkononi. Kabla ya kuipokea alitamka kwa sauti jina la stesheni anakokwenda, na mkuu wa stesheni akalirudia. Baba yangu, aliyekuwa mtu wa ishara za reli, alisema kwamba dereva anayenung'unika jina hilo mdomoni ni wa kuteremshwa, hata kama analijua vizuri.

Mukalay aliileta desturi hiyo katika ofisi yetu. Mwanafunzi akifika kuchagua chuo, hulitaja jina kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mzazi, naye mzazi hunyamaza. Siku hiyo hakuna anayetia saini. Wanarudi nyumbani, Jumapili inapita, na Jumatatu mtoto anarudi kulitaja tena. Jina likiwa jingine, tunaanza upya.

"Kwa nini Jumapili, Prefe?" nilimwuliza.

"Juu siku ya Dimanche bantu banavaa nguo muzuri na banauliza maulizo mubaya. Kama jina inapita Dimanche, iko nguvu."

Sijapata kusikia nadharia bora ya malezi, na nimesoma nyingi.

Miaka ya mwanzo niliitumia kupigana na karatasi na umeme. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa alama zetu. Walimu wetu hutoa alama kama mtu anayegawa chumvi wakati wa njaa. Mtoto wa sabini kwa mia huku kwetu ni fahari ya ukoo, lakini msomaji aliyeketi ng'ambo ya bahari huona mzembe aliyeponea chupuchupu. Basi kila faili ilihitaji maelezo: shule hii inapimaje, ni wangapi darasani hufika hapo, majibu ya mtihani wa serikali hutoka lini. Yaandikeni upya kila mwaka. Maelezo yaliyonakiliwa hujulikana, na mtoto hudhaniwa naye amenakiliwa. Tena fanyeni kazi ya kompyuta asubuhi, kabla umeme haujapata sababu ya kuondoka.

Nije sasa kwenye ombi ambalo ndilo kiini cha maandishi haya. Vyuo kadhaa vya Amerika humruhusu mwanafunzi kuomba mapema, kabla ya wengine, kwa ahadi. Anachagua kimoja tu. Anatia saini kwamba kikimpokea atakwenda huko na ataondoa maombi yake kwingine kote. Mzazi anatia saini. Mshauri wa shule anatia saini ya tatu. Kwa malipo ya ahadi hiyo chuo humsoma mapema na, mara nyingi, kwa jicho la upole. Mlango wa haki wa kutokea ni mmoja tu: msaada wa karo usipotosha, unasema hivyo na unaachiliwa. Vinginevyo umejifunga. Ofisini tuliliita ombi la ahadi, na niliwaambia wanafunzi kwamba ni ombi la kwanza maishani mwao ambalo linawaomba na wao kitu.

Wanaotaka kusoma biashara ndio wanaohitaji kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mji wetu ni wa biashara na kila mtu anadhani anajua maana yake. Nilizoea kuwauliza hivi. Je, chuo hiki kinakupokea katika shule ya biashara tangu siku ya kwanza, au kinakupokea getini kisha baada ya miaka miwili kinakuomba ugonge mlango mwingine, ambao huenda usifunguliwe? Wengi hawajui kwamba tofauti hiyo ipo, na jina kubwa la chuo huificha vizuri. Je, unataka elimu ya fedha, au ya kusafirisha mali, au ya kuongoza watu? Swali la mwisho lilikuwa la Mukalay, na lilitosha kuwafutia nusu ya majina kichwani: vyuo vyote vikikuitika siku moja, utapanda ndege ya kwenda wapi? Asiye na jibu asiombe kwa ahadi. Aombe baadaye pamoja na wengine, na si aibu.

Kahindo alikuwa na jibu. Alikuwa binti wa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa Butembo, aliyekuja Lubumbashi akiwa kijana na sasa alikuwa na nyumba mtaa wa Bel-Air, depo ya mchele, sabuni na mafuta, na malori yaliyobeba unga kutoka Zambia kupitia mpaka wa Mokambo. Tulimwita Papa Kahindo, kama ilivyo desturi, kwa jina la mtoto. Walikuwa watu wa kanisa, wenye kufunga na kuomba kabla ya jambo kubwa, na sikuwahi kumwona baba huyo akipandisha sauti. Kahindo alikulia juu ya magunia. Baada ya masomo alikaa depo, na jambo alilolitazama kuliko bei lilikuwa kusubiri: kwa nini lori moja linapita mpakani upesi na jingine, lenye mzigo uleule, linalala huko hadi unga unashika ukungu. Aliniambia, bila kutabasamu, kwamba angependa kusoma usingizi wa malori.

Vyuo viwili vilikuwa mezani. Kimoja kilikuwa cha mji mkubwa, chenye jina ambalo hata wasiosoma huliweka kwenye fulana. Ni kimoja cha vile vinavyokupokea getini kwanza. Cha pili kilikuwa kando ya ziwa, kidogo, hakijulikani Bel-Air, lakini kilimwingiza mwanafunzi katika biashara tangu mwaka wa kwanza na kilifundisha usafirishaji wa mali kama somo kamili. Baba alipenda cha mji. Nilimwomba anyamaze, na akanyamaza kwa adabu. Kahindo akataja cha ziwani. Jumapili ikapita. Jumatatu akataja cha ziwani tena, na sauti yake ilisikika hadi ukumbini.

"Muko bakali hapa kushinda bantu ba dwane," baba yake alisema, akifananisha ofisi yangu na watu wa forodha. Kisha alitia saini, binti akatia, nami nikatia.

Wiki chache baadaye mvua za kwanza zilianza, na Papa Kahindo alirudi akiwa na binti yake. Aliniletea jibini ya kwao Kivu iliyofungwa katika gazeti, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye habari njema.

"Madame, nakuya kukutuliza roho," alisema. "Ile mambo ya chuo moja ilikuwa inaninyima usingizi. Sasa nimegawanya muzigo."

"Umegawanya vipi, Papa Kahindo?"

Alinieleza kwa uwazi kabisa. Mdogo wake aliishi Kampala, na huko alifahamiana na shule iliyokubali kumwandikisha Kahindo kama mwanafunzi wake. Kupitia shule hiyo walikuwa wamepeleka ombi la pili la ahadi, kwa chuo cha mji mkubwa. Baba alitia saini. Kahindo alitia saini kwa kuwa baba alimwambia atie. Mshauri wa shule ile alitia ya tatu.

Nawaomba msimcheke mtu huyu. Wafanyabiashara wa kwao wamejengwa na kanuni moja: mali yote haipandi gari moja. Mtu mwenye mzigo wa lori zima huutawanya katika malori manne, pamoja na mizigo ya ndugu na majirani, ili gari likianguka milimani, kila mmoja apoteze kidogo na asifilisike yeyote. Kwao hiyo ni akili, ni upendo pia, na familia nyingi zinakula hadi leo kwa sababu yake. Papa Kahindo hakuja kuungama. Alikuja kunionyesha kwamba ni mzazi mwangalifu.

"Na vyuo vyote viwili vikimpokea?" niliuliza.

"Tutachagua ile muzuri. Ingine tutabaambia pole."

"Tumeviahidi vyote viwili kwamba hakuna kingine."

"Madame, kila mucuruzi anamuambia fournisseur, ule anamuuzishia mali, vile. 'Ni weye paka moja, hapana ingine.' Anajua, naye."

Kuna methali maarufu juu ya fisi na njia mbili. Sikuitumia. Mtu aliyelisha watoto wake kwa njia mbili hastahili kuitwa fisi na mtu wa mshahara wa serikali. Nilimwambia mambo matatu kwa lugha ya kawaida. Kwamba vyuo hivyo huweza kujua, na vikijua, huenda vyote viwili vikamfungia mlango. Kwamba hata visipojua, saini yangu sasa ilikuwa ya uongo na singeiacha hivyo. Na kwamba nyuma ya saini hiyo walisimama watoto ambao hawajafika bado kwenye kiti kile, watoto wa mafundi wa mgodi wa Kinsevere, wa wauza mkaa, wasio na baba mdogo Kampala. Chuo kikiona neno la shule yetu mara moja kuwa ni maji, hakitalisoma tena.

"Kwa hiyo ombi moja litaondolewa wiki hii," nilisema. "Mkiondoa la Kampala, langu linabaki. Msipoondoa, nitaondoa langu mwenyewe, na nitakiandikia chuo sababu."

Uso wake ulibadilika, lakini sauti haikupanda. "Tukitosha moja, tukiiondoa, na ingine inakatala, mutoto anabakia mu barabara. Weye utamubeba?"

"Hapana, Papa. Sitaweza kumbeba."

"Basi unamuchezea maisha juu ya saini."

Nilimgeukia Kahindo, ambaye tangu waingie alikuwa anatazama jibini. Desturi ilikuwa inadai nimwulize yeye, na hapakuwa na siku ambayo ningependa zaidi kuisahau.

"Kahindo, taja chuo unachokwenda."

Nje watoto wa darasa la chini walikuwa wanakariri mito ya nchi.

"Papa," alisema mwishowe, akiongea naye na si nami, "muzigo banaweza kugawanya. Lakini miye hapana muzigo. Miye njo shofere."

Baba alimtazama.

"Shofere mumoja anaendesha kamyo mbili namna gani?" binti aliuliza.

Papa Kahindo alicheka, cheko fupi la mtu aliyeshikwa katika soko lake mwenyewe na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kuuza. Kisha akaacha kucheka. Alikaa huku akizungusha ufunguo wa gari kwenye kidole, nami nilimwacha, maana mwalimu anayejaza kimya cha mzazi hujaza kwa faida yake mwenyewe.

"Ziwa?" alimwuliza binti.

"Ziwa, Papa."

Alimpigia mdogo wake simu palepale ofisini, kwa Kinande, lugha nisiyoijua, na maneno yalikuwa machache. Siku iliyofuata shule ya Kampala ilithibitisha kwamba ombi la mji limeondolewa. Jibini niliirudisha. Alikasirika kwa hilo kuliko kwa yote mengine, na pengine alikuwa na haki.

Majibu hutoka Desemba. Sikumruhusu Kahindo afungue lake peke yake nyumbani. Alifungua ofisini asubuhi, baba yake katika kiti cha mzazi. Chuo cha ziwani kilimkataa, kwa aya mbili za adabu. Walisifu bidii yake. Alisoma mara moja, akaifunga kompyuta taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaomba ruhusa ya kurudi darasani.

Tulibaki wawili.

"Kamyo imeanguka, Madame," baba alisema.

"Ndiyo, Papa Kahindo. Imeanguka."

"Na muzigo yote ilikuwa mule."

"Ndiyo."

Alingoja niongeze neno. Ningeweza kumwambia kwamba hakuna ajuaye chuo cha mji kingejibu nini, na ingekuwa kweli, lakini ukweli unaotolewa ili kumnyamazisha aliyepata hasara ni ukweli wa bei ndogo. Alisimama, akanipa mkono, akaenda.

Kahindo aliomba tena pamoja na wengine, kwa kawaida, bila ahadi. Walimkubali mahali pawili ambapo msaada wa karo haukutosha hata kidogo. Aliingia kitivo cha biashara hapa hapa Lubumbashi, akamaliza, na leo anasimamia malori ya baba yake Mokambo. Nimeambiwa yanalala kidogo kuliko zamani, ingawa bado yanalala. Mpaka ni mpaka. Mwaka jana nilikutana naye sokoni, akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Nilimwuliza kama ananikasirikia. Sipendi maswali ya namna hiyo, kwa kuwa mara nyingi muulizaji anaomba kusamehewa kwa mlango wa nyuma. Lakini niliuliza.

"Kidogo, Madame," alijibu. "Siku ya mvula, kamyo zikilala, ninakukasirikia mingi."

Nilimshukuru. Hakuongeza kwamba yote yalikuwa kwa heri, nami namheshimu kwa kutoongeza. Wenzangu, desturi njema haiahidi kulipa. Anayewaambia kwamba uaminifu hufungua milango hajasimama mbele ya mlango uliofungwa na mtoto wa mtu mkononi. Mwulizeni badala yake kama angeweza kuketi tena katika chumba kile siku inayofuata, na kumtazama mwanafunzi mwingine, na kumwomba aseme kweli.

Niliwaahidi ninyi habari za kazi, na nimebakiwa na moja tu. Juzi Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeshafunga vitabu vyangu katika sanduku la sabuni mlango ulipogongwa. Alikuwa Papa Kahindo, mvi zimemjaa, na nyuma yake Kavira, mdogo wake Kahindo, mwenye sare ya mwaka wa mwisho na macho ya kutazama viatu. Anataka biashara, naye. Anataka ombi la ahadi.

"Ku depo banasema weye njo ulikosesha mutoto yangu Amerika," baba alisema akiwa bado amesimama.

"Najua wanasema."

"Banasema." Alivuta kiti cha mzazi, akakaa. "Nimeleta wa pili."

Kavira alianza kueleza: vyuo vitano anavyovipenda, ubora wa hiki, jina la kile, na shangazi mmoja wa Goma aliyependekeza kingine. Nilikuwa nafungua kinywa kumwuliza swali la Mukalay, lakini baba aliniwahi. Aliinua kidole, kidogo tu, bila kumtazama binti.

"Sema weye mwenyewe," alimwambia. "Moja."

Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe, akangoja.

Kavira alichelewa, lakini alilitaja. Sitaliandika hapa jina hilo, si langu. Niliwaambia waipitishe Jumapili yao kwanza.

Jumatatu watarudi, na mimi sitakuwapo. Baba atakuwa na haraka, ana malori mpakani. Kalamu iko katika mtoto wa meza wa kulia. Msiitoe kabla msichana hajasema.